Kumfanya Mama Apendwe

Juzi nilikuwa Buhongwa, nikanunua karanga kwa mama mmoja anayekaanga kando ya barabara ya Shinyanga. Vifuko vilikuwa vimemwishia. Akachana ukurasa wa daftari la mwanawe, akausokota kwa vidole vitatu, akaikunja ncha, akanijazia. Nikabaki nimesimama palepale na ile karatasi yenye joto mkononi, chumvi inapenya kwenye hesabu za mtoto wa watu, nikashindwa kutia hata karanga moja mdomoni. Mtu mzima na mvi zangu, nimesimama barabarani nalia kwa ajili ya karanga! Yule mama alidhani zimeungua, akataka kunibadilishia. Nikamwambia hapana, ni msiba tu, tumemzika mama yangu wiki ya tatu sasa huko Bukoba. Akanipa pole, akaniongezea kiganja kizima bila kunidai chochote.

Wenzangu wa rika langu hawatanishangaa. Sisi tulikula karanga za kwenye vitabu. Enzi zile ofisi zilikuwa zinafungwa, viwanda vinauzwa, makabati yanamwagwa nje, na karatasi zote hizo sijui zilipitia mikono ya nani mpaka zikafika kwa wauza karanga wa Mirongo, mtaani kwetu. Ulinunua karanga ukapewa pamoja nazo barua ya meneja kwa bwana stoo, au ramani ya nusu ya Afrika, au ukurasa wa kitabu cha dini chenye swali bila jibu. Tukishakula tulilamba chumvi kwenye karatasi, kisha tukasoma. Kuna muuzaji mmoja aliyepata kamusi kubwa ya Kiingereza, akawa anaichana kwa mpangilio kama mtu mwenye nidhamu zake. Mtaa mzima ulikula herufi D kwa muda mrefu, ndipo tukaingia kwenye E.

Hizo karatasi nilikuwa nampelekea baba. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha nguo mpaka siku alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake. Tangu siku hiyo alihamia kwenye benchi lililokuwa nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, hatua kama tano kutoka karo la kufulia, na hapo alikaa kuanzia chai mpaka jua linazama, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, kama vile kuna mtu atakuja kumwita. Mama ndiye aliyekuwa anatulisha. Alikwenda kila asubuhi kwenye viwanda vya samaki kununua mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki na nyama kidogo baada ya minofu kwenda Ulaya, akaikaanga na kuiuza mlangoni kwetu. Nguo zake zote zilinuka mafuta ya samaki, na mimi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya kina mama wote.

Mama alikuwa Mhaya. Baba alimpata hapahapa mjini, wakaishi, wakanizaa mimi peke yangu, na hakuwahi kumpeleka kwao. Kwao baba ni ndani huko, ukishapita Usagara. Likizo zote nilikwenda kwa bibi, mama yake baba, nikiwa na baba tu, mama akabaki kulinda vyumba vyetu viwili. Nilipouliza kwa nini haendi nasi, niliambiwa nyumba haiachwi wazi. Niliamini. Nilidhani kila familia ina mtu mmoja wa kuachwa nyumbani.

Jambo moja tu la ukweni mama alilishika sawasawa, na alilishika kwa sababu baba alimwambia: kwao mkwe halitamki jina la mkwewe. Sasa mimi nilipewa jina la bibi, Kabula. Kwa hiyo mama yangu mzazi hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita "mama", au "mwanangu", au akiwa na hasira, "wewe". Watoto wenzangu waliitwa majina yao kutoka kila mlango jioni, na mimi niliitwa "mama, njoo uoge".

Bibi huyo nilimpenda, na yeye alinipenda mpaka watu wakatucheka. Kwa Wasukuma bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike anahesabika kuwa mke wa babu yake, kwa hiyo mimi na bibi tulikuwa wake wenza, hata kama babu alishakufa kabla sijazaliwa. Tulitukanana kutwa nzima. Kila asubuhi nilimfuata anaponusa ugoro wake mlangoni, nikashika kiuno, nikamwambia kwa Kisukuma: "Wewe kikongwe, utakufa lini uniachie nyumba yangu?" Naye angejibu: "Sifi ng'o! Nitakuzika wewe kwanza, halafu niolewe tena na kijana!" Hapo alicheka mpaka machozi yakachanganyika na ugoro. Kisukuma changu chote nilikipata pale mlangoni, na karibu chote kilikuwa matusi.

Baba alipokaa benchini miezi kadhaa, bibi alikuja mjini mwenyewe. Alishuka na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na jogoo aliyefungwa miguu, akaangalia vyumba vyetu, akaangalia mto Mirongo unavyopita na uchafu wake, akaangalia karai la mapanki. Mama alipiga magoti sakafuni. "Shikamoo mama," alisema. Bibi alijibu, "Mm." Wiki nzima ya kwanza sikumsikia akimpa jibu refu kuliko hilo. Akimtaja kwa baba alisema "huyu", hata kama huyu mwenyewe alikuwa anammwagia maji ya kunawa.

Na mama alijitahidi, jamani. Aliamka kabla ya watu kuwasha mkaa ili maji ya kuoga ya mkwewe yapate moto. Alimtandikia kitanda chao, yeye na baba wakalala chini. Mapanki aliacha kuyaleta mezani, akawa anatafuta sato mzima, ambaye sisi hatukuwa tumemwona tangu baba apunguzwe kazi. Mama Deo, jirani yetu wa chumba cha mbele, alikuwa anasema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu mwanamke anajipendekeza. Mimi neno hilo lilinichoma. Nililijua kutoka shuleni, ndilo tulilomwitia mtoto anayembebea mwalimu mkoba.

Siku moja mchana tulikuwa tunakula wote wanne. Bibi alimgeukia baba, akaanza kusema Kisukuma kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi. Alisema: "Nyumba ya baba yako ipo. Mashamba yapo. Ng'ombe wanachungwa na watu baki. Rudi, uje na mjukuu wangu. Huyu mrudishe kwao, nitakutafutia mwanamke tunayemfahamu." Mama alikuwa ameketi mkekani umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, anamtolea sato mifupa. Kisukuma chake kilikuwa cha kusalimu na kushukuru tu, kwa sababu mtaani kwetu walikuwepo Wahaya, Wajita, Wakerewe, Wajaluo na Wahindi wenye maduka, na Kiswahili kilitutosha wote.

"Mama anasema nini?" aliuliza huku anatabasamu.

Baba alitafuna kwanza. "Anasifu mboga," alisema.

Uso wa mama uling'aa. Alichukua kipande kikubwa kilichobaki kwenye sufuria, ambacho najua alikuwa amejiwekea yeye, akakiweka kwenye sahani ya bibi. "Wabeja, mama," alisema, yaani asante kwa lugha yao. Bibi alikila.

Katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua Kisukuma na wakati huohuo nampenda mama. Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza miaka yote hii. Nadhani niliona nikimwambia litakuwa kweli, na nisipomwambia bado naweza kulirekebisha kabla hajajua. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nikabeba siri ambayo baba yangu mwenyewe ilimshinda kuibeba bila kudanganya.

Kesho yake nilinunua karanga, nikamaliza, nikampelekea baba karatasi kama kawaida. Aliinyoosha juu ya paja lake, akapitisha kidole kwenye madoa ya mafuta. Kiingereza ndicho kitu pekee ambacho kiwanda hakikumnyang'anya, na akisoma alirudi kuwa karani.

"Hili hapa ni neno zuri," alisema. "Endear. Ni kitenzi. Maana yake ni kumfanya mtu apendwe."

"Kumpenda?"

"Siyo kumpenda. Kumfanya apendwe na mwingine."

Nikakumbuka maneno ya Mama Deo. "Kama kujipendekeza?"

Baba alitikisa kichwa. "Anayejipendekeza anatafuta kitu. Huyu hatafuti. Kuna kitu fulani alichonacho, watu wakikiona wanajikuta wameshampenda. Mfano wao huu hapa: ucheshi wake ulimfanya apendwe na darasa zima. Unaona? Ingeweza kuwa tabasamu, au sauti yake, hata namna yake ya kutembea."

"Na mtu mwingine anaweza kumfanyia? Yaani mimi nimfanye fulani apendwe na fulani?"

Aligeuza karatasi upande wa pili, akairudisha. "Hapa kinachofanya kazi ni tabia ya mtu mwenyewe," alisema. "Mtu wa pembeni sijamwona." Halafu akatazama karoni, mama alikokuwa anasugua sufuria, akaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni nyuma ya kalamu.

Ningesikiliza hiyo sentensi yake ya mwisho, pengine leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini mtoto husikia anachokitafuta, na mimi nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Ucheshi! Kilichokosekana kwa mama kilikuwa ucheshi. Mama alikuwa anapeleka maji ya moto na sato mzima na magoti, mambo ambayo hayachekeshi mtu yeyote, na kumbe mimi nilikuwa najua barabara kinachomfanya bibi acheke mpaka atoe machozi. Bibi alinipenda kwa sababu ya maneno yale. Basi na mama akiyasema atapendwa. Niliona aibu kwamba nilikaa nayo peke yangu muda wote huo, kama mchoyo.

Nilimfuata mama karoni mchana, bibi akiwa amelala. "Mama, nikufundishe maneno ambayo bibi anayapenda kuliko yote?"

Aliacha kufua. Sijapata kumwona mtu mzima akiniangalia kwa matumaini kiasi kile, wala sitaki kuangaliwa hivyo tena. "Unayajua?"

"Mimi namwambia kila siku akiwa kwake. Anacheka mpaka analia."

"Maana yake nini?"

"Ni utani."

"Hayana ubaya?"

"Mimi namwambia kila siku," nilirudia, na ulikuwa ukweli mtupu.

Tulifanya mazoezi siku tatu. Mama alikuwa anafua na mimi nimechuchumaa pembeni, nampa neno moja moja. Ulimi wake wa Kihaya ulikataa zile sauti za puani, akarudia, akacheka mwenyewe, akarudia tena akiwa na povu mpaka kwenye viwiko. Nilimfundisha na mwendo wake: asiseme haraka, ainue kidevu kidogo mwishoni, akimaliza atabasamu na asubiri. Kicheko cha bibi, nilimweleza, hakiji mara moja, kinaanzia tumboni. Baba alikuwa benchini kwake muda wote huo. Gazeti lake lilikuwa la zamani na ukurasa aliokuwa ameufungua haukugeuka.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Bibi alikuwa amesema ataondoka Jumanne, na baba hakuwa amesema kama ataondoka naye. Mama alivaa gauni lake la kanisani, lile la bluu ambalo halikuwa na harufu ya samaki. Akachukua chai ya maziwa kwenye kikombe kizuri, akaingia chumbani, akapiga magoti mbele ya bibi, akampa kwa mikono miwili. Baba alikuwa amekaa kwenye stuli. Mimi nilisimama mlangoni.

Mama akainua kidevu. Akasema, kwa Kisukuma: "Wewe kikongwe, utakufa lini uniachie nyumba yangu?"

Aliyasema vizuri kabisa, kila sauti mahali pake. Nisije nikadanganya hapa: kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa fahari. Nilijivunia mwanafunzi wangu.

Bibi alikuwa ameinua kikombe, kikabaki hewani. Mama akatabasamu kama nilivyomwelekeza, akasubiri. Redio ya Mama Deo ilisikika kupitia ukutani, kwaya inaimba. Mama aliendelea kutabasamu. Alinitupia jicho dogo la kuuliza, kama amesahau neno, kisha akamrudia bibi, bado yuko magotini, bado anangoja kicheko kianze tumboni.

Bibi aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu afike alimsemesha mama moja kwa moja, na alimsemesha kwa Kiswahili ili asikose hata neno. "Mjukuu wangu huniambia nitakufa lini, ninacheka. Yule ni mke mwenzangu. Wewe unaniambia nife, unataka na nyumba yangu. Unaniambia kama nani?"

Tabasamu la mama halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni peke yake, macho yakiwa yameshaelewa.

"Nani kakufundisha maneno hayo?" baba aliuliza. Hakumtazama mama alipouliza. Alinitazama mimi, halafu sakafu.

Mama naye alinitazama. Mtu akitaka kujua nini maana ya kukosa nguvu, ni kusimama mlangoni ukiwa na miaka kumi, mama yako amepiga magoti kwa ajili yako, na mdomo wako umejaa jibu ambalo halitoki. Nilikuwa nayo sentensi nzima. Ni mimi, bibi, nilitaka akupende. Niliifungulia mdomo kabisa. Sauti haikuja.

"Hakuna aliyenifundisha," mama alisema. "Nilimsikia mtoto akisema, nikayachukua tu."

"Umeyachukua," bibi alisema. "Na nyumba utaichukua halafu!"

Baba alikulia kwenye utani huo. Alijua mkewe hawezi kuokota sentensi ndefu vile kwa kusikia. Alitusikia siku tatu, hatua tano kutoka benchini kwake. Angeweza kusema, "Mama, ni mchezo wa mtoto huu." Alivuta stuli yake nyuma kidogo, basi. Nilimkasirikia baba miaka mingi kwa ajili ya ule ukimya, mpaka nilipokumbuka kwamba mlangoni palikuwa na mwingine aliyenyamaza.

Tangu hapo bibi hakupokea chakula kutoka mkononi mwa mama. Mama alipika, mimi nikapeleka. Alikwenda kuomba radhi mara mbili, akiwa amepiga magoti nje ya kizingiti, na mara zote mbili bibi alimjibu "nimesikia". Jumanne baba alimsindikiza bibi. Alirudi baada ya siku kadhaa, akaanza kufunga vitu vyetu katika mafungu mawili, na mimi nilijua maana yake bila kuambiwa. Fungu la mama lilikuwa dogo: sanduku, karai lake la kukaangia, na lile gauni la bluu juu kabisa ili lisijikunje.

Tulimsindikiza bandarini kupanda meli ya kwao Bukoba, jua bado lipo, watu wanapanga foleni na mikungu, magodoro na mitungi. Baba alibeba sanduku mpaka kwenye geti, akaliweka chini, akasogea pembeni kuongea na mtu ambaye sidhani kama alikuwa anamfahamu. Mama alinishika mabega. Nilikuwa nalia mpaka kwikwi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia samahani, nikashindwa na hilo pia.

"Kabula," alisema.

Nilinyamaza ghafla kwa mshangao. Nilidhani kuna mtu mwingine nyuma yangu. Alilitamka taratibu, kama kitu alichokihifadhi muda mrefu bila ruhusa ya kukitumia, na mimi nilifurahi kuitwa, mjinga mimi, nikasahau kwamba anaweza kuniita hivyo kwa sababu hana tena mkwe.

"Kabula, ukifika kule umchekeshe bibi yako. Usiache. Umenielewa? Kila siku umchekeshe."

Nikaitikia. Akanyanyua sanduku, akaingia.

Na nilimchekesha. Nilikaa kwa bibi mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni. Mwanamke mwingine alikuja, mtu mpole, sina neno naye. Asubuhi ya kwanza kule nilikaa kimya, na bibi akaniita kutoka mlangoni: "Mke mwenza! Leo hunitukani?" Nikaenda. Nikashika kiuno. Nikasema maneno yaleyale, kila sauti mahali pake, na bibi akacheka mpaka akatoa machozi, akanivuta akanikumbatia kwenye harufu yake ya ugoro. Nilikuwa nampenda bado, hiyo ndiyo mbaya yenyewe. Nilimpenda, nikayasema maneno yale kila asubuhi, na kila asubuhi nilimwona mama magotini kati yetu. Bibi alipofariki, wajukuu tulitakiwa kufanya utani kaburini kama ilivyo desturi, na watu wakanisukuma mbele wakisema nyumba sasa ni yako, haya sema. Nilikimbilia shambani.

Nilipoanza kazi, mshahara wa kwanza ulinipeleka Bukoba. Mama alikuwa amenenepa kidogo, ana kibanda chake cha kuuza chakula karibu na soko. Tulikuwa tumeandikiana barua na nilikwenda mara mbili tatu nikiwa shule, lakini jambo lile hatukuwahi kulitaja. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikakaa chini, nikamwambia bila hata kumeza mate: "Mama, yale maneno nilikufundisha mimi."

Alinitazama kama nimemwambia kwamba ziwa lina maji. "Sasa angenifundisha nani?"

"Ungesema. Bibi angekuelewa, angenikasirikia mimi."

Alimenya ndizi nzima kabla ya kujibu. "Mimi nilikuwa nimeshashindwa kabla ya siku ile. Unafikiri siku ya sato sikuelewa? Mtu akisifu mboga hamwangalii mpishi namna ile." Alitupa ganda. "Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kuishi naye. Ningesema ni wewe, angesema nimekujaza maneno, asingecheka na wewe tena. Mmoja wetu ilibidi apendwe kule."

Nilimkumbuka baba na karatasi yake juu ya paja, akisema mtu wa pembeni hajamwona. Mama alikuwepo hatua tano tu kutoka pale, anasugua sufuria. Nililia, na mama akanipa kisu na ndizi zilizobaki ili nipate cha kufanya.

Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa Desemba iliyopita. Nilimpelekea binti yangu, ana miaka saba, mzaliwa wa Dar es Salaam, hana lugha yoyote ila Kiswahili na Kiingereza cha shuleni. Jioni tumekaa uani, mama akasema, "Mfundishe mwanao yale maneno. Mimi sasa ni bibi, nina haki nayo." Nikakataa. Akasisitiza. Nikamfundisha mtoto neno moja moja, kwa sauti ya chini, nikiwa nimechuchumaa kama zamani. Binti yangu akasimama mbele ya bibi yake, akashika kiuno, akayatamka vibaya sana, Kisukuma cha Dar es Salaam hicho, lakini yalitoka yote.

Mama alicheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda taratibu, akajishika mbavu, machozi yakamtoka. Halafu akafuta uso kwa kanga, akanigeukia. "Na mimi namjibu nini?"

Siku zile tatu karoni sikuwahi kumfundisha jibu. Jibu halikuwa lake.

Nikamwambia sasa, neno kwa neno. Alirudia mara mbili midomo ikicheza bila sauti, kama anasali. Kisha akamtazama mjukuu wake, akainua kidevu, akasema kwa Kisukuma: "Sifi ng'o! Nitakuzika wewe kwanza, halafu niolewe tena na kijana!"

Aliyasema vizuri kabisa, kila sauti mahali pake.